Likizo Imekwisha, Mtoto Hajafika

Benchi letu liko nje ya geti la chuo cha ufundi, limeegemea ukuta ambao mpaka saa nne asubuhi bado una kivuli. Nilipoacha shule ndipo nilipoanza kuuza kahawa hapa, na wateja wangu wa mapumziko ni wale wale: Kufuli, mlinzi wa geti; Desimali, mwalimu wa hesabu; Mama Mwiko, mpishi wa bwalo; na Shoti, fundi umeme wa chuo. Sheria ya benchi ni moja tu. Ukimaliza kunywa, unafunika kikombe chako kwenye sinia, nami najua umerudi kazini. Kikombe kilichosimama maana yake mwenyewe bado yupo, na hakuna wa kukigusa. Chuo kizima kinajua hivyo. Asubuhi ninayoisimulia, Shoti ndiyo kwanza alikuwa ametoka likizo ya uzazi, ile wanayopewa kina baba. Alirudi bila mtoto.

— Karibu kazini, baba nani? Kufuli alimpokea.

— Kufuli, niache.

— Nimekosa nini? Mtu ametoka likizo ya uzazi, asiulizwe jina la mtoto?

— Hajazaliwa.

— Sasa wiki nzima ulikuwa unazaa nini?

Mama Mwiko alicheka mpaka benchi likatikisika, nikalazimika kulishika sinia kwa mikono miwili.

Mambo yalikuwa hivi. Ofisi ya utumishi ilileta utaratibu mpya: baba anayetarajia mtoto aombe likizo mapema, na aitaje siku. Shoti akaitaja ile waliyopewa kliniki. Akapewa wiki yake. Akakaa nyumbani, akapaka chumba rangi, akatengeneza taa ambazo hazikuwa na ubovu wowote, na mtoto kimya. Jana yake likizo ikaisha.

— Nimekwenda kumwomba Afisa Utumishi anisogezee siku, Shoti alisema. Ananiambia likizo ya uzazi ni mara moja. Nikamwambia uzazi wenyewe haujatokea hata hiyo mara moja. Anasema kwa mujibu wa utaratibu, umeshatokea.

— Hongera basi, Desimali alisema na kumpa mkono. Kiofisi wewe ni baba.

— Mwalimu, usinitanie. Nimechanganyikiwa.

— Sikutanii, ila kosa ni lako. Ungepiga hesabu. Mtoto wa kwanza huchelewa, wa pili huwahi. Unajumlisha, unagawa kwa mbili, unapata siku ya katikati, hiyo ndiyo unawapelekea.

— Huyu ndiye wa kwanza. Wa pili nimtoe wapi?

— Wa pili unamkadiria.

— Hesabu gani hizo? Kufuli alidakia. Mimi nawaambia huyo mtoto anajua. Shemeji ameketi benchi hili mara ngapi akimsubiri mumewe? Mtoto yuko humo ndani anasikia tu. Bima ya matibabu imepunguzwa. Sare hazijaletwa. Chai ya wafanyakazi imekuwa maji ya moto. Sasa na wewe jiweke kwenye nafasi yake. Ungetoka?

— Hapo kwenye chai umenigusa, Mama Mwiko alisema. Majani sipewi. Nitie nini, kucha zangu?

— Siyo wewe, mama. Ni mfumo.

— Haya, mfumo huo usije kuniomba ukoko mchana.

Shoti alikuwa hacheki. Alizungusha kikombe mikononi bila kunywa, na kila gari lililopita aliligeukia.

— Kwani usiugue kidogo? Desimali alimuuliza. Likizo ya ugonjwa ipo.

— Ugonjwa nao unatakiwa utoe taarifa siku tatu kabla.

— Hilo ni kweli, Mama Mwiko alisema. Juzi juzi mgongo umenikamata nikiwa nimeinamia sufuria. Naulizwa ofisini, kwa nini hukusema mapema? Nikawaambia, jamani, na mimi ndiyo nimeambiwa sasa hivi.

— Kuna ile ya msiba...

— Kufuli! Tema mate chini!

Kufuli akatema.

— Nilikuwa naulizia utaratibu tu, alisema kwa unyonge.

— Tulieni, Desimali alisema, na akasogea mbele kama anayetaka kuandika ubaoni. Dawa ninayo. Shemeji azalie hapa hapa. Zahanati ya chuo ipo. Shoti anakuwa kazini na leba kwa wakati mmoja, hakuna wa kumgusa.

— Zahanati ina kitanda kimoja, na kimeegeshewa mabomba, Mama Mwiko alisema.

— Basi tumsajili awe mwanafunzi. Fani ya umeme. Mwanafunzi akipatwa na dharura, mwalimu wake wa fani anaruhusiwa kumsindikiza hospitali. Imeandikwa.

— Mimi si mwalimu, Desimali. Ni fundi.

— Kwanza tutakupandisha cheo.

— Chuo hiki? Kufuli aliguna. Mpaka apandishwe cheo, huyo mtoto ndiye atakayekuwa anakuja kujisajili.

Hata Shoti alitabasamu hapo. Ndipo alipofika dada mmoja, futi ya kupimia nguo imening'inia shingoni. Alisema yeye ni mwalimu mpya wa ushonaji, na leo ndiyo siku yake ya kwanza. Wakasogeana, akapata pa kukaa. Nikammiminia. Kufuli akamweleza kisa kizima tangu mwanzo, kwa mikono na miguu, na Desimali akarudia kipande cha kugawa kwa mbili ili kieleweke vizuri. Dada alisikiliza kwa makini, hakuwakatiza. Walipomaliza akamgeukia Shoti.

— Samahani, kaka. Mkeo sasa hivi yuko na nani?

Shoti akaacha kuzungusha kikombe.

— Mama mkwe alikuja, Shoti alisema taratibu. Alikuja kwa siku ile ile ya kliniki. Ameondoka juzi, na yeye ana kazi ya watu.

— Kwa hiyo yuko peke yake?

— Jirani yupo. Nimemwomba amchungulie.

— Jirani yenu si yule anayefua mashuka ya bweni? Mama Mwiko aliuliza, na sasa hakukuwa na kicheko sautini mwake. Leo ni siku ya mashuka. Nimepishana naye asubuhi mlango wa jikoni.

Shoti akakiweka kikombe chake kwenye sinia.

— Ameamkaje leo? mwalimu wa ushonaji aliuliza.

— Amesema kiuno kinamvuta. Nikamwambia apumzike, nitawahi kurudi.

— Kiuno kinamvuta, Mama Mwiko alisema, na wewe uko hapa unafundishwa kugawa kwa mbili!

Shoti akatoa simu, akapiga. Sote tuliisikia ikiita. Iliita mpaka ikakata.

Akasimama, lakini hakuondoka. Alikuwa anamtazama Kufuli, na sote tulijua kwa nini. Mfanyakazi akiondoka saa za kazi bila ruhusa, mlinzi ndiye wa kuripoti, na wa mwisho kuripotiwa alisimamishwa kazi, mpaka leo hajarudishwa. Kufuli hajawahi kupitwa na kitu. Hata paka akiingia chuoni, Kufuli atakwambia ni wa nani.

Kufuli akageuka, akautazama ukuta.

— Hivi huu ufa mmeuona? alisema.

— Uko wapi? Desimali aliuliza, naye akageuka.

— Huu hapa. Unaanzia juu kule.

— Aisee. Unahitaji kupimwa.

— Baiskeli ya Kufuli hiyo hapo, baba, Mama Mwiko alimwambia Shoti kwa sauti ya chini. Nenda!

— Breki ya mbele haishiki, Kufuli aliuambia ukuta.

Tukasikia mnyororo ukilia kuteremka barabara, kisha hatukuusikia tena. Hapo ndipo walipogeuka. Kengele ikagongwa. Desimali akafunika kikombe chake, Kufuli na Mama Mwiko wakafunika vyao, na yule dada akawatazama, naye akafunika. Kwenye sinia kikabaki kimoja kimesimama, kimejaa nusu.

Walikuwa hawajafika getini gari la mkuu wa chuo likasimama mbele yetu. Akashusha kioo.

— Fundi umeme yuko wapi? Ofisini kwangu hakuna taa.

Mama Mwiko akaanza kufunga upya kanga yake, ingawa ilikuwa imefungwa vizuri. Kufuli akasimama wima, mikono mbavuni, kama siku ya gwaride.

— Kikombe chake hicho hapo, mkuu. Hajakifunika.

Mkuu akakitazama kikombe. Kahawa ilikuwa imeshapoa, mtu yeyote angeliona hilo. Kisha akanitazama mimi.

Nikachukua birika, nikamwongezea Shoti kahawa, mpaka kikombe kikafuka moshi.