Bi Chanuo na Tezi Iliyotuchanganya Wote

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha ususi katika chuo chetu cha ufundi, tarehe 30 Juni mwaka huu anastaafu rasmi mwalimu wetu mpendwa, ambaye madarasani, jikoni na hata getini hujulikana kwa jina moja tu la Bi Chanuo. Kwa kawaida wasifu wa mstaafu huandikwa na katibu wa kamati ya ustawi wa wafanyakazi. Safari hii katibu ameomba udhuru, anasema mkono unamuuma, na kazi ikaniangukia mimi, mwalimu wa umeme, nisiyejua tofauti ya butu na rasta. Msomaji akifika katikati ataelewa kwa nini mkono wa katibu umeuma ghafla.

Bi Chanuo alipoajiriwa, karakana ya ususi ilikuwa stoo ya rangi. Kulikuwa na kioo kimoja chenye ufa, viti vilivyoazimwa bwaloni na wanafunzi wachache waliotumwa huko kwa sababu ushonaji ulikuwa umejaa. Leo ususi una vyumba viwili, masinki yenye maji ya moto na orodha ya wanaosubiri nafasi. Wanafunzi wake wa zamani wana saluni zao, na mmoja wao ndiye mwalimu msaidizi wake. Haya yote aliyapata kwa kudai. Wakuu wa chuo wanne wamepita hapa, na kila mmoja alijifunza mapema kwamba ni nafuu kumpa anachotaka kabla hajakaa kitini.

Jina lake lilitokana na chanuo la mbao alilolichomeka nyuma ya kichwa tangu asubuhi hadi jioni. Alilitumia kuonyesha ubaoni, kugonga meza darasa likipiga kelele na, wapo wanaoapa, kukorogea chai, jambo ambalo mwenyewe analikana mpaka leo. Nywele zake zilikuwa nyingi na nzito, chanuo likikaa humo halitikisiki. Kila Jumatatu alikuja na mtindo mpya, na wanafunzi wakamzunguka kuunakili. Kichwa chake ndicho kilichokuwa kitabu cha kiada.

Kisha, miaka minane iliyopita, chanuo likaanza kuanguka. Mara ya kwanza lilianguka akiwa ubaoni, tukacheka. Likaanguka tena kwenye kikao, likaanguka kwenye foleni ya chakula. Yeye akalilaumu chanuo, akanunua jingine lenye meno marefu. Hilo nalo likawa linaondoka na nywele zake. Muda si mrefu akaanza kufunga kilemba, mwanamke ambaye hatukuwahi kumwona na kilemba, na nyusi zake zikawa zinaishia katikati ya safari. Akawa anazimalizia kwa wanja. Siku ambazo mkono haukutulia, nyusi moja ilipanda juu kuliko nyingine, ukawa unamweleza jambo huku unadhani hakuamini.

Mtu angetegemea kwamba fundi wa nywele atajua la kufanya, na kweli alifanya yote. Alipaka mafuta ya nyonyo, akapaka maji ya vitunguu, karakana ikanuka mpaka mafundi magari wakauliza nani anapika. Alimeza vidonge vya vitamini vya nywele vya kila rangi. Siku ya mayai ndiyo isiyosahaulika. Kila msusi anajua kwamba mayai kichwani huoshwa kwa maji ya baridi. Lakini siku hizo Bi Chanuo alikuwa hawezi hata kuyatazama maji ya baridi, akafungulia ya moto, na mayai yakamwivia kichwani. Wanafunzi wake walishinda mchana kutwa wakimtoa vipande, hakuna aliyethubutu kucheka mpaka alipotoka nje.

Baridi hiyo ilikuwa jambo la ajabu. Sisi tumefungua madirisha yote, jasho linatutiririka, yeye amevaa sweta na soksi. Aliniita kuangalia draya, akidai haitoi joto. Nikapima, nikaona ni nzima. Akaniita tena, na tena, nikaishia kubadilisha waya ili roho yake itulie, na bado akasema ni ya baridi. Sauti yake ikawa nzito kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Mikono na uso vikamjaa. Mimi akawa ananiita kwa jina la mwalimu wa useremala, yule wa useremala akamwita mpishi. Aliwahi kufundisha somo lile lile asubuhi na mchana, na wanafunzi, kwa heshima, wakaandika mara mbili. Tulijikuna vichwa tusijue tushike lipi tuache lipi. Wengine walisema ni uchovu, wengine umri, na wengine wakanong'ona kwamba anakunywa.

Yeye aliona jambo moja tu, nywele. Akaenda kwa mkuu wa chuo kumwambia kwamba muhula ukiisha anaacha kazi. Mlango wa ofisi ile haufungi vizuri (useremala wameahidi kuutengeneza), kwa hiyo chuo kizima kilisikia alivyosema: "Nitamfundisha nani kusuka, na mimi mwenyewe sina cha kusukwa?" Alikuwa amebakiza miaka minane afikie kustaafu. Mkuu hakukubali wala hakukataa. Alimwambia aende kwanza hospitali, wakirudi kwenye mazungumzo warudi wakiwa na neno la daktari.

Neno lenyewe ndilo lililotumaliza. Bi Chanuo alirudi kutoka hospitali saa ya chai, akapita chumba cha walimu kuchukua chaki. Katibu akamuuliza wamesemaje. Akajibu bila kugeuka, "Wamesema ni tezi," akaenda zake darasani.

Sasa tezi, kwa sikio la kila aliyekuwa mle ndani, ni moja tu: tezi dume, ile ya wanaume wa makamo inayowazuia kukojoa vizuri. Mwanamke hana. Bi Chanuo ameipata wapi? Tulikaa na vikombe mikononi tumepigwa na butwaa, mpaka katibu akatufumbulia. Tezi, alisema, ni ya shemeji. Nywele za mke zinakatika kwa mawazo, na mawazo ni ya mume anayeumwa. Ghafla kila kitu kikaeleweka: sweta, usahaulifu, majina. Maskini, kumbe anabeba mzigo wote huo peke yake!

Shemeji yetu ni dereva wa basi la chuo, mtu mwenye afya ya kuinua tairi la akiba kwa mkono mmoja. Toka siku ile maisha yake yakabadilika bila yeye kujua kwa nini. Mkuu akamwondolea safari ndefu. Mtunza stoo akamletea mto laini wa kuwekea kitini. Kila tulipokuwa safarini, kila baada ya kitambo kidogo, mtu alimwomba asimamishe gari ajisaidie, halafu anayeomba hashuki, anabaki kumtazama dereva. Wanaume wakamshika bega na kushusha sauti. Naye akajumlisha yake, akaona amekalia kuti kavu: watu hawakubembelezi hivi bila sababu, lazima kazi inakwisha. Akawa analiosha basi mara mbili kwa siku ili waone bado anafaa.

Mwishowe kamati ikaamua twende kuwapa pole nyumbani. Tulijazana sebuleni kwao, mfuko wa machungwa mezani. Bi Chanuo, kilemba kichwani, alifurahi, akijua tumekuja kwa ajili yake. Shemeji alikaa wima, akijua tumekuja kumwambia kazi imekwisha. Katibu akasimama, akakohoa.

"Shemeji, sisi ni ndugu. Usione haya. Tezi siku hizi inatibika, na mwanamume hapungukiwi kitu."

"Ahsanteni," akasema shemeji, akitazama huku na huku. "Ila mgonjwa ndiye huyu hapa."

"Yeye tunajua anaugulia moyoni. Lakini mwenye tezi ni wewe."

Shemeji akamgeukia mkewe kwa hofu ya kweli. "Mama watoto, nina tezi?"

"Tezi ni yangu!" akasema Bi Chanuo.

Mkuu wa chuo, mtu msomi, ndiye aliyeuliza kwa sauti ya chini kama inawezekana. Bi Chanuo akainua kidevu, akashika mbele ya koo, chini kidogo ya kikoromeo. Hii hapa, akasema, ya shingo, ambayo kila mtu anayo, mwanamke na mwanamume. Yangu imelala, haifanyi kazi yake, na ndiyo inayonipa baridi, usingizi, kusahau, na hii. Akafungua kilemba. Hatukuwa tumekiona kichwa chake kwa muhula mzima. Nywele zilikuwa nyepesi pote, ngozi inaonekana, na ukingo wa mbele ulikuwa umerudi nyuma. Nilisikia uchungu, nauandika hivyo hivyo. Hakuna aliyejua pa kuweka macho.

Shemeji akauliza: "Kwa hiyo ule mto wa kwenye kiti ni wa nini?"

Bi Chanuo ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka hadi akashika mbavu, tukafuata wote, isipokuwa katibu aliyekuwa anamenya chungwa kwa bidii kubwa. Kesho yake alikuja kazini kichwa wazi. Mnajua wote mpaka tezi yangu, alisema, nifiche nini tena?

Msidhani kicheko hicho ndicho kilichobadili nia yake ya kuondoka. Sisi tulidhani hivyo, tukakosea tena. Kilichombadilisha ni mwanafunzi wa mstari wa nyuma aliyeuliza nywele za namna ile zinasukwaje. Bi Chanuo akafungua kinywa kujibu, akagundua kwamba kwa miaka yote hiyo hakuwahi kufundisha kusuka nywele nyepesi. Akakaa kitini mbele ya darasa, akawapa kichwa chake wajifunzie: msivute, msikaze ukingoni, msiweke dawa ya kulainisha, wekeni draya mbali, kateni fupi na acheni ngozi ipumue. Muhula ulipoisha mkuu alimsubiri aje kuaga. Alikuja kudai sinki la tatu.

Matibabu nayo yalikuwa na vioja vyake. Alipewa kidonge kidogo cha homoni ambayo tezi yake haitoi ya kutosha, cha kumeza kila alfajiri kwa maji matupu, tumbo likiwa halina kitu, kisha asubiri kabla ya kula. Alikimeza kwa chai ya maziwa, kwa sababu kwa Bi Chanuo hakuna kinachoitangulia chai. Kipimo cha damu kiliporudiwa hali ilikuwa karibu ile ile, na daktari akachanganyikiwa hadi alipouliza anamezea nini. Daktari huyo huyo alimkataza vile vidonge vya nywele kabla ya kupimwa, maana baadhi vinaweza kupotosha majibu ya maabara. Halafu, wiki za mwanzo za dawa, nywele zikazidi kudondoka. Hapo alitaka kuvitupa vidonge chooni. Daktari akamweleza kwamba hilo huwatokea wengine, kwamba dozi hurekebishwa polepole kwa kupima damu, na kwamba nywele ndizo za mwisho kupata habari njema.

Na kweli zilikuwa za mwisho. Kwanza lilivuliwa sweta. Kisha nikaitwa kwa jina langu, nikashangaa. Miezi mingi baadaye mwalimu msaidizi akapiga kelele karakanani: vinywele vifupi, laini, vimesimama pembeni mwa paji la uso. Tuliitwa sote kuviona, hata mafundi magari na mikono yao ya grisi. Nyusi zikamaliza safari zenyewe. Hazikurudi zote, mbele pamebaki pepesi, na kidonge atakimeza maisha yake yote. Husema hivyo mwenyewe kila mwanzo wa mwaka, wanafunzi wapya wasije wakadhani dawa ni muujiza.

Wanaosoma kwake leo wana kawaida ambayo haimo katika mtaala wa chuo chochote ninachokijua. Mteja akija nywele zimepungua, kabla ya kugusa kitana wanamuuliza: unasikia baridi wakati wenzako wanasikia joto? Umechoka bila kazi? Unene umebadilika? Akijibu ndiyo, wanamwambia aende akapimwe damu. Hawamwambii anaumwa nini, kwa sababu, kama Bi Chanuo anavyowakumbusha akigonga meza, sisi ni wasusi, si madaktari, na si kila upara ni tezi. Wateja wengine huondoka wamekasirika, walikuja kusukwa wakapewa mahojiano. Lakini wapo waliorudi kushukuru. Mmoja wao alikuja chuoni mwaka jana na mume wake, akamshika Bi Chanuo mkono kwa mikono yake yote miwili.

Jumatatu ya kwanza ya Julai sijui itakuwaje. Mwalimu msaidizi ameshika funguo kana kwamba zinamchoma. Shemeji, aliyebakiza mwaka mmoja, ameniuliza atakuwa anamleta nani asubuhi. Wanafunzi wameuliza kwenye sherehe wacheke au walie, nimewaambia wamuulize katibu, yeye ndiye mwenye tafsiri.

Bi Chanuo, ulitaka kutuacha kwa aibu ya jambo ambalo halikuwa kosa lako, na tungekukubalia, kwa sababu hatukujua lolote. Leo unatoka kwa sababu moja tu, muda wako umetimia, na hakuna anayeweza kukuongezea wala kukupunguzia. Nenda salama, na shemeji akimaliza mwaka wake mkaishi vizuri, mlale mpaka jua litoke, umeze kidonge kwa maji, na chai ije baadaye. Asante kwa kazi yote. Na kwa mwaka ule ambao ungeweza kuondoka, asante kwa kubaki.