Msinipeleke Kitui

Mutiso, kaa hapo nikuone. Nzisa binti yangu, funga mlango, na wewe Dianah, mjukuu wangu, weka hiyo simu chini. Nawasikia mkinong'ona huko jikoni habari ya gari la kunipeleka Kitui nikishakata roho. Mnadhani mgonjwa wa kifua ni kiziwi? Sikilizeni, wanangu: mimi Muoki nizikwe hapa Thika, kwenye makaburi ya mji, na asiyependa anune.

Najua mtaona aibu. Watasema mzee amezikwa mjini kama mtu asiye na kwao, na ndugu yangu Kivuva ameshafyeka mahali pangu kando ya kaburi la baba. Lakini Kitui nimelala siku ngapi tangu nije huku kijana, nyundo na tindo ndani ya gunia? Miaka hamsini na miwili nimechonga mawe ya mji huu. Ule ukuta wa soko, mawe yamekaa hata wembe haupiti, nani aliuchonga? Na ngazi za kanisa mlilofungia ndoa? Jamani, Thika ni nzuri! Imelala kati ya mito miwili, na asubuhi ukisimama darajani unasikia maporomoko ya Chania yakinguruma kabla viwanda havijaita watu kazini, na siku mvua imenyesha, mlima Kilimambogo unauona karibu kabisa, unataka kuusalimia. Wazungu walileta reli na mashamba yao ya katani wakafikiri mji ni wao. Wakaenda, wakabaki kina mama wa mananasi pale stesheni, na soko likazidi kunoga.

Sasa, Kahiga. Mnajua kuwa jirani yetu huyo tuliinua naye jiwe la juu la lango la soko, akaliachilia mapema likaniponda kidole hiki, na jioni hiyo hiyo tukanywa chai pamoja. Kidole nilisamehe. Lakini wakati wa zile vurugu za kura alisimama mlangoni pangu, Kahiga huyo, akaniambia, "Mzee, rudini kwenu." Iliniuma! Nimemnyima salamu mpaka leo, na nimechoka na kinyongo hiki. Siku ya kunizika mwiteni, mumpe koleo, atupe udongo wa kwanza yeye, ajue kwetu ni wapi.

Nyumba hii ya Makongeni ni ya Nzisa, aliyeniuguza. Kiploti cha Gatongora ni chako, Mutiso, pamoja na nyundo zangu, na ukijenga usinunue mawe ya kulipuliwa kwa baruti, yana nyufa ndani. Shamba la Kitui ni la watoto wa Kivuva, msiwasumbue.

Maji... kidogo tu. Asante, mama.

Mungu awape afya. Awape kazi ya mikono mnayoweza kupita kando yake uzeeni mkasema, hii ni yangu. Dianah... usome. Mpendane, msi... msigombane juu ya maziko yangu.

Mutiso, mpigie Kivuva. Sasa hivi, nikisikia. Unalia nini? Piga... Nisogezee hapa sikioni.

Kivuva? Ndiyo, mimi. Nataka nizikwe huku Thika. Hapana... sikuwatupa, ndugu yangu. Usilie basi. Panda gari kesho, uje... uje nyumbani. Nzisa atakutandikia.