Zulmira Vilela na Watoto Waliouliza

Dada yangu Zulmira Pacheco Vilela alizaliwa tarehe 9 Agosti 1946 mjini Diamantina, jimbo la Minas Gerais, Brazili, mtoto wa kwanza wa Mzee Anselmo, fundi saa, na Bi Odete. Mama alisimulia kwamba utotoni hakumaliza chakula hata kimoja akiwa ameketi. Alikula maharage yake akiizunguka meza.

Alisoma kwa masista, kisha chuo kikuu Belo Horizonte, akahitimu falsafa mwaka 1969. Baba alimuuliza, "Sasa hiyo inafanya kazi gani, binti yangu?" Akamjibu, "Ndiyo naitafuta, Baba."

Alianza kufundisha mjini Curvelo mwaka 1970. Baada ya muda mfupi wanajeshi waliokuwa wakitawala waliiondoa falsafa mashuleni, naye akapewa somo la uraia mwema. Siku moja mwaka 1972, mwanafunzi wake Edvar aliuliza, "Mwalimu, sheria ikiwa mbaya, anayeitii bado ni raia mwema?" Hakumjibu, alilitupia darasa zima swali hilo. Wakabishana hadi kengele ikalia, wakaendelea uani. Habari zikafika mbali. Wanaume wawili wa serikali walikuja wakitaka jina la aliyeuliza.

"Swali lilikuwa langu," alisema.

"Tumeambiwa ni la mvulana."

"Nyinyi mlipokuwa wavulana mliwahi kuuliza hivyo?"

Walimchukua. Alirudi baada ya miezi kadhaa, amekonda na kazi hana. Ya huko kizuizini hakuyasimulia, ila tangu hapo hakuvumilia mlango uliofungwa. Edvar yupo nasi leo hapa mazishini. Ametuomba tumtaje.

Mwaka 1975 alifunga ndoa na Tarcísio Vilela, mwoka mikate. Watoto waliotumwa mkate wa jibini walibaki jikoni kwao wakibishana kama mbwa anajijua kuwa ni mbwa.

"Zuzu, mkate unaungua!" Tarcísio aliita, akilifupisha jina la Zulmira kama kawaida yake.

"Acha uungue kidogo, mume wangu. Huyu mtoto anakaribia kusema kitu."

Wanajeshi walipokwisha kuondoka madarakani, alirudishwa kazini mwaka 1986, akawafundisha falsafa vijana na watoto wadogo hadi alipostaafu, na hata baada ya hapo.

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Hata kitandani alikuwa akitupa shuka na kutaka ageuzwe aelekee dirishani. Wiki ya mwisho, mjukuu wake Benedita, mwenye miaka saba, alimuuliza, "Bibi, unaogopa?"

"Naogopa sana. Hivi woga una faida gani, unadhani?"

Benedita akafikiri. "Unafanya mtu ashikwe mkono."

"Miaka yote hiyo," dada yangu alisema, "sikuwahi kuliona hilo." Akamnyooshea mkono aushike.

Alifariki nyumbani, Curvelo, tarehe 14 Machi 2024, alfajiri.

Ameacha mume, Tarcísio, watoto wawili, Leonor na Amauri, mjukuu, Benedita, nami mdogo wake, Hilário, ninayesoma haya, na wanafunzi ambao hadi leo hawakubaliani.

Mungu ampe pumziko, dada yetu, na uvumilivu wa kulizoea.