Jina Ndani ya Bangili

Kijiwe chenyewe kiko mtaa wa Kamwokya, nje ya duka la Rafiq sonara: ubao mrefu juu ya matofali, jiko la makaa, na birika la kahawa ya tangawizi. Baada ya adhuhuri hukosi kumkuta Ondiek, Mkenya muuza vipuri vya pikipiki, waliyempa jina la Bunge kwa kuwa kwake hakuna jambo linalopita bila mjadala. Hukosi pia Opoka, mwanajeshi mstaafu, ambaye kila mtu anamwita Afande. Rafiq hana maneno mengi. Hukaa kwenye meza yake mlangoni, anasikiliza huku mikono inafanya kazi. Siku hiyo mikono ilikuwa imesimama.

Mwisho wa ubao alikaa mama mmoja kutoka Kisugu, Nangila. Alikuwa amemletea Rafiq bangili nene ya dhahabu, imefungwa kwenye leso. Binti yake, Nafuna, alikwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani. Mwaka wa pili haujaisha, akarudishwa ndani ya sanduku. Bangili ilikuja na nguo zake, pamoja na kikaratasi kwamba ni zawadi ya familia aliyoifanyia kazi, wanampa mama pole.

— Kuivaa nimeshindwa, Nangila alisema. Kuiuza pia, nilifika mlangoni kwa mnunuzi nikarudi. Iyeyushe, ssebo. Nitengenezee hereni ndogo, za kuvaa kanisani. Isibaki hivi.

Rafiq aliitazama kwa lenzi, akaigeuza, akaitazama tena. Kisha akaiweka mezani, akaanza kutafuta vitu ambavyo vilikuwa mbele yake.

— Mimi naona hao watu walimpenda, Ondiek alisema. Dhahabu nzito hivyo hupewi tu.

— Wangempenda angerudi na miguu yake, Opoka alisema.

— Afande, mtu anaweza kupendwa na bado akafa.

— Hii ni ya kufunga mdomo. Jeshini niliona. Kijana akifa vibaya, nyumbani wanaletewa ng'ombe na gunia la sukari, na maswali yanaisha hapo.

Ondiek alijimiminia kikombe kingine.

— Ama walimsingizia ameiba. Baadaye wakaipata chini ya kitanda, wakaona aibu, wakasema basi iende naye.

— Ama ndani wameweka mashine, ndogo kama punje ya mchele, Opoka alisema. Wanajua mama yuko wapi na anaongea na nani.

— Ama imefanyiwa dawa. Ukiivaa unasahau. Asubuhi unaamka, hata hukumbuki kama ulikuwa na mtoto.

Nangila alikuwa akiwasikiliza kama mtu anayesikia redio ya jirani.

— Sijasahau, alisema.

Rafiq aliwasha gesi, akaiweka bangili kwenye chungu cha kuyeyushia. Moto ukavuma. Alijua anachofanya. Upande wa ndani wa bangili palikuwa na maandishi ya Kiarabu, madogo kama mguu wa sisimizi. Rafiq alifundishwa herufi hizo na babu yake aliyekuja kutoka pwani, na Jumamosi huwafundisha watoto wa msikitini. Aliyasoma mara moja tu. Akisema, mama huyu hataondoka na hereni, ataondoka na mzigo ambao huenda ukammaliza. Asiposema, dakika chache tu, hakutakuwa na cha kusoma.

Wakati huo akaja mtu ambaye hawajapata kumwona pale, Mkongomani, mkononi saa iliyokatika mkanda. Alijitambulisha kuwa ni Bénit, akapewa nafasi na kahawa. Ondiek akamsimulia habari yote, mashine na dawa pia. Bénit alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Nangila.

— Munisamehe, mama. Mutoto alikufaka na nini?

Ondiek akatazama ndani ya kikombe. Opoka akajikuna goti. Saa nzima walikuwa wameeleza kila kitu.

— Karatasi inasema kifo cha kawaida, Nangila alijibu. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Sanduku walituambia tusifungue. Tukazika hivyo.

— Na bosi yake anasema nini?

— Simjui. Nafuna alikuwa anamwita madam tu. Ofisi iliyompeleka ilifungwa, simu hawashiki.

Rafiq akazima gesi. Dhahabu ilikuwa haijaanza kulainika. Akaitoa kwa koleo, akaitumbukiza majini.

— Mama, ndani kuna maandishi. Niliyaona ulipofika. Sikusema.

— Kwa nini?

— Niliogopa.

Akaichukua tena lenzi, akaigeuza bangili kwenye mwanga.

— Inasema hivi: Kwa Umm Rakan, yaani Mama Rakan, kutoka kwa mumewe Jaber. Chini yake kuna jina la sonara na la mji.

— Ndiye madam?

— Sina hakika. Lakini bangili ilikuwa ya mwanamke huyo, na ilitoka kwenye nyumba hiyo.

— Basi usiyeyushe, Ondiek alisema, safari hii kwa sauti ya chini. Mama, huo ni ushahidi. Peleka polisi.

— Wataiweka kwenye droo, Opoka alisema, na hutaiona tena.

Nangila aliichukua bangili, akapitisha kidole kwa ndani, polepole, mpaka akapata palipokwaruza.

— Pigeni picha kwanza, alisema. Halafu kata hapa penye majina. Kipande hicho nifanyie pete, maandishi yakae nje. Kilichobaki, hereni, kama nilivyosema.

Ondiek akapiga picha kwa simu yake, Bénit naye kwa yake. Rafiq akakata, akapinda, akaunga, akapiga tupa. Birika lilikauka bila mtu kuongeza maji. Alasiri ilipoadhiniwa kazi ilikuwa imekwisha. Nangila akavaa hereni bila kuomba kioo. Pete ilimbana kidogo kwenye kifundo cha kidole, akaisukuma mpaka ikaingia.

— Nifundishe kuyasema, alimwambia Rafiq. Nikifika kwa wakubwa serikalini kuuliza habari za Nafuna, nisikwame.

— Umm Rakan.

— Umu Lakani.

— Jaber.

— Jabeli.

Hakuna aliyemsahihisha. Nangila akayarudia yote mawili, akawaaga, akateremka kuelekea stendi ya boda. Rafiq alimtazama mpaka alipopotea kwenye watu. Mara ya mwisho alipogeuka, midomo ya mama ilikuwa bado inatembea, ikiyarudia majina.