Nikodemo Shemhilu, Dalali wa Mnada wa Mnazi, na Sauti Aliyokubali Ibadilike

Tunayemlaza leo, Mzee Nikodemo Shemhilu, alizaliwa hapa Mponde tarehe 14 Machi 1953, kifungua mimba wa wakulima wa chai. Alisoma hapa hapa, akamaliza darasa la saba mwaka 1968.

Alichuma chai na wazazi wake hadi mwaka 1979, alipoteremka Mnazi kuwa dalali wa mnada wa mbuzi. Sauti yake ilijaza uwanja bila kipaza sauti, na wanunuzi walimwamini kwa kuwa kasoro ya mnyama aliitangaza kwanza. "Huyu anachechemea," alisema siku moja. "Anayetafuta wa mashindano asubiri mwingine." Mbuzi akanunuliwa huku watu wakicheka.

Mwaka 1981 alifunga ndoa Bumbuli na Scholastica. Mama Scholastica alipopofuka mwaka 2009, Mzee akawa anamsomea Biblia kila jioni.

Ndiyo maana Mama alitambua mapema. "Baba Rahabu, sauti yako imebadilika," alimwambia mwaka 2015. Mzee akasingizia vumbi la mnada, lakini Mama hakumwacha mpaka akaenda hospitali. Ikaonekana saratani ndogo kwenye nyuzi za sauti.

"Umewahi," daktari alimwambia. "Kwa upasuaji au kwa mionzi, matumaini ya kupona yanakaribiana. Upasuaji tunapitia mdomoni, unarudi nyumbani mapema, ila sauti inaweza kubaki ya kukwaruza. Mionzi huenda ikaitunza sauti vizuri zaidi, lakini ni wiki kadhaa Dar es Salaam, koo litauma, na ugonjwa ukirudi ni vigumu kupigwa mionzi tena palepale."

Mzee alitaka mionzi. Alimweleza mkewe kwamba dalali ni sauti. Kisha akasema lililomtisha zaidi: yeye asiyeona atamjuaje mume mwenye sauti ngeni?

"Nitajifunza hiyo mpya," Mama akasema. "Chagua tiba itakayoacha nyingine akiba."

Alipasuliwa Agosti mwaka huo, mionzi ikabaki akiba. Sauti ilirudi nyembamba, inakwaruza, naye akamwachia mdogo wake Heri mnada. Jioni ya kwanza alifungua Biblia akasita. "Soma," Mama akamwambia, "nasikia." Akasoma karibu miaka kumi, na saratani haikurudi.

Kiharusi kilimchukua nyumbani tarehe 3 Juni 2025. Ameacha mjane, Mama Scholastica, watoto Rahabu, Ernest na Loveness, wajukuu saba, na mdogo wake Heri.

Bwana, umpokee Nikodemo wetu, apumzike kwako kwa amani.