Mzee Osborn Mangeni, Mpanda Nyua wa Lumino, 1898–1967

Mzee Osborn Mangeni alizaliwa Masafu tarehe 12 Machi 1898. Alisoma miaka miwili katika shule ya misheni, akaacha baba yake alipofariki.

Kazi yake ilikuwa kupanda nyua za minyaa. Alizunguka kutoka Lumino hadi Mwello na panga na mzigo wa vipandikizi. Ua wake ulizuia upepo, mbuzi na mwewe. Ndege walitaga humo, akina mama walipata humo dawa na kuni, na majirani hawakugombania mpaka. Mwaka 1924 alimwoa Nasirumbi. Hapa Lumino walipanda ua kwanza, ndipo wakajenga nyumba.

Mwaka 1964 jirani yetu Owor alileta trekta, akaung'oa ua huo wa mpakani kwa siku moja ili alime pamba. Sisi tuliosoma tuliuita ua ushamba, na mimi nilikuwa wa kwanza kushangilia. Pamba ile iliingia hatua kumi na mbili ndani ya shamba la mzee.

Februari 1965, baada ya mavuno, wazee wa baraza la gombolola, yaani la tarafa, walikuja kusikiliza shauri. Mzee aliomba ng'ombe wake wafunguliwe.

"Sasa ng'ombe nao watakula kiapo, mzee?" Owor alimcheka.

"Hawajui kuongopa, mwanangu."

Ng'ombe tisa walitembea hadi katikati ya shamba tupu, wakasimama kwa mstari mmoja, wakinusa hewa kama wanaonusa majani. Kisha wakaufuata mstari huo hadi palipokuwa na mlango wa ua, wakapita mmoja mmoja. Hapakuwa na kitu pale. Hakuna aliyecheka tena. Lakini karani alikataa kuandika ushahidi wa ng'ombe, na shauri likabaki hivyo.

Utomvu wa minyaa ulikuwa umemdhuru macho, na mwaka 1966 akapofuka kabisa. Hata hivyo alikwenda shambani peke yake, na kwenye mstari ule alisimama na kunyoosha mkono.

"Baba, unashika nini?" binti yake Loy alimwuliza.

"Ua. Kwani wewe huoni?"

Alifariki kwa homa ya mapafu, nyumbani kwake, asubuhi ya Jumatano, tarehe 9 Agosti 1967.

Ameacha mjane, Nasirumbi. Watoto watatu, Maloba, Loy na Goretti. Wajukuu kumi na mmoja, na mimi mpwa wake ninayesoma haya.

Aliagiza azikwe kwenye mpaka, kwa kuwa trekta hung'oa mnyaa, haling'oi kaburi. Tulijiandaa kwa ugomvi. Jana Owor alikuja na jembe lake, akaenda moja kwa moja hadi mstarini, akaanza kuchimba. Hakumwuliza mtu ni wapi.

Mzee wetu apumzike kwa amani, na mpaka wake upumzike pamoja naye.