Kanda Mpya ya Wangwe

Meli ilikuwa ikiingia Homa Bay, na ziwa limelala. Mbele yangu Wangwe, mwimbaji wa roki aliyezoea kupayuka, alimchezea mama mmoja asiyemjua kanda yake mpya kwenye redio ndogo ya kaseti: nyimbo za swingi, jazi ya zamani ya dansi, zenye tarumbeta laini na sauti ya kubembeleza.

"Mama, mimi ni Wangwe. Leo jioni nawaimbia watu nyimbo hizi. Watanizomea?"

"Kumbe ni wewe? Kelele zako zilifanya kuku wangu wakatae kutaga. Sasa unaimba kama mtu aliyepona homa. Lakini vijana watataka zile kelele."

"Na wewe, mama?"

Akafumba macho. Nikagundua tasbihi mkononi mwangu inafuata mdundo, nikastaghfiru.

Meli ikafika gatini, kanda ikaisha. Mama akaitoa redioni, akaitia kalamu tunduni, akaanza kuirudisha mwanzo polepole, huku wenzetu wakishuka.